Mbuzi Wale Si Wangu

Kwa msomaji ambaye gazeti la juma lililopita lilimfungia maandazi kabla hajalisoma, ngoja nikusogeze walipo wenzako.

Jina langu ni Kyalo, mchongaji wa vinyago, mkazi wa Umoja. Ndunge ni mke wangu kwa macho ya majirani. Kwa macho ya baba yake, Mzee Ndolo wa mtaa wa Ziwani, ni binti aliyechelewa kurudi nyumbani. Sikuwa nimepeleka ntheo. Kwetu Ukambani, bila wale mbuzi watatu wa ntheo hujaoa. Umekaribisha mgeni tu.

Nilihangaika mpaka nikawapata. Majike wawili na beberu mwenye sikio lililochanika. Nikawajengea kibanda kando ya mto, nyuma ya mtaa, wanone kidogo kabla ya safari ya Ziwani. Beberu nikamchongea kengele ya mti nikamvalisha shingoni, maana fundi hakosi kujisifu.

Ndipo masika ikaja na mafuriko yake. Kibanda kilienda, magogo yangu ya kuchongea yakaenda, mbuzi nao wakaenda. Beberu alionekana mara ya mwisho akielea juu ya mlango wa choo cha watu, akitazama mbele kama diwani kwenye msafara.

Mzee Ndolo akatuma neno fupi. Mvua ikikatika na hajaona mbuzi, atakuja kumchukua mwanawe.

Mvua ilikatika. Hapo ndipo tulipoachana.

Nawashukuru mlioniandikia. Yule wa Buruburu aliyenipa pole, Mungu ambariki. Na yule wa Kayole aliyeuliza kwa nini nisichonge mbuzi watatu nikampelekea mzee, namjibu kwamba baba mkwe wangu ana macho.

Sasa sikilizeni yaliyofuata.

Nilikuwa kazini nikimpiga msasa twiga asiye na mteja, Nabiswa alipotokea. Nabiswa ni mwenyekiti wetu wa Nyumba Kumi, na mtu huyo hajawahi kuleta habari njema. Akija ni takataka au ni kelele.

"Kyalo, weka chini huyo twiga," akasema. "Serikali inarudisha mbuzi."

"Mbuzi gani?"

"Wa watu. Kila mkulima na mfugaji aliyepata hasara ya mafuriko atasaidiwa. Aliyepoteza mbegu, mbegu. Aliyepoteza kuku, kuku. Njoo uwanjani Alhamisi, afisa wa mifugo atakuwepo, na majirani ndio watakaoulizwa."

"Kwa mbuzi watatu wanatoa wangapi?"

"Watatu. Serikali haizai, Kyalo. Inarudisha tu."

Nilimwacha twiga na sikio moja nikakimbia nyumbani. Ndunge alikuwa anaanika nguo.

"Ndunge, mbuzi wamerudi."

Akatazama nyuma yangu. "Wako wapi?"

"Wako kwa serikali."

"Hao bado wako mbali," akasema, akaendelea kuanika.

Nikamweleza yote. Alisikiliza huku pini za nguo ziko mdomoni, kisha akazitoa moja moja.

"Nitaamini siku watakapokula nguo zangu hapa kwenye kamba," akasema. Halafu akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na sauti ikabadilika. "Kyalo, mimi nimechoka. Jumapili kanisani, akina mama walioolewa wakifunga vile vitambaa vyao vyeupe, mimi nakaa benchi la nyuma na wasichana wa kwaya. Wananiita auntie. Baba akija kunichukua, sitagombana naye. Nitavaa viatu niende."

"Utaniacha?"

"Nani amesema kukuacha? Nitakuwa Ziwani. Ukinitaka njia unaijua, na unachopaswa kuswaga mbele yako ukija pia unakijua."

Nilimpenda zaidi saa ile, na niliogopa zaidi. Nyumba ile bila Ndunge ingenishinda hata kulala.

"Nabiswa anasema majirani ndio wataulizwa," akaendelea. "Nani atakushuhudia?"

"Mtaa mzima," nikasema. "Hakuna mtu kando ya mto asiyewajua wale mbuzi."

Hilo lilikuwa kweli. Na ndilo lililonimaliza.

Hapa lazima nikueleze jambo ambalo sikuligusa huko nyuma, kwa sababu sikuliona kuwa ni jambo. Mjomba wangu Maingi alinionya siku niliponunua jike la kwanza. Mbuzi wa ntheo, alisema, usimwite wako. Tangu siku unayomtenga ni wa wakwe. Ukijitia umiliki atakuganda zizini, na msichana atabaki kwao.

Nikalishika neno hilo kama amri ya kumi na moja. Mtu akisema, "Kyalo, una mbuzi wazuri," namjibu, "Si wangu. Ni wa mkwe wangu, Mzee Ndolo wa Ziwani." Nililisema kwa muuza maji. Nililisema kanisani. Nilimwambia Nabiswa mwenyewe, alipotaka kumnunua beberu wakati wa Krismasi.

Na nilimwambia Ngigi.

Ngigi analima kabichi na sukumawiki kando ya mto, na shamba lake lilipakana na kibanda changu. Siku mbuzi walipoingia kwenye kabichi zake alinijia na jembe mkononi.

"Mbuzi wako wamenimaliza," akasema.

"Si wangu," nikamjibu. "Nenda Ziwani ukaonane na mwenyewe."

Nilidhani nimeyamaliza maneno. Kumbe Ngigi ni mtu wa kwenda anapoambiwa aende. Alifika Ziwani, na Mzee Ndolo, muungwana yule, akampa chai na mkate, akaomba msamaha kwa niaba ya mbuzi ambao hakuwa amewaona hata mkia. Tangu siku ile wakawa marafiki wa kupigiana simu.

Alhamisi uwanja ulijaa. Niliona watu waliopoteza ng'ombe, ambao maisha yao yote nimewaona wakinunua maziwa ya pakiti. Mafuriko yale yalikuwa yamewafanya wengi kuwa wafugaji.

Afisa alikuwa Daktari Andati, mtu mfupi, mpole, mwenye kofia ya jua. Alipanda juu ya kreti la soda akaanza kwa kusoma masharti ya msaada. Masharti mimi sikuyasikiliza. Nilikuwa nawaza nitavaa nini siku ya kuingia Ziwani na mbuzi, na kama ile suruali ya kijivu bado inanikubali kiunoni.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Unaitwa jina, unataja ulichopoteza, kisha majirani wanaulizwa mbele ya watu wote kama ni kweli.

Akaitwa Okoth, fundi wa baiskeli.

"Mimi nilipoteza samaki," akasema.

Andati akainua kofia. "Samaki walikufa kwa mafuriko?"

"Hawakufa, daktari. Walihama."

"Wakaenda wapi?"

"Kwa vile maji yalivyokuwa yakikimbia, saa hizi wako Athi River wanatafuta nyumba."

Watu wakacheka mpaka basi, lakini majirani wakashuhudia kwamba Okoth alikuwa na kidimbwi nyuma ya karakana yake, na akaahidiwa vifaranga vya samaki. Nikajipa moyo. Ikiwa samaki waliohama wamepata fidia, mbuzi wangu wana wasiwasi gani?

Mbele yangu alibaki mama mmoja wa kuku. Nikageuka kumtafuta Ngigi nimkonyeze asinisahau, na mkonyezo ukaishia njiani. Langoni walikuwa wanaingia Mzee Ndolo na mkewe, Mama Muthoki.

Mzee ningemvumilia. Lakini mama mkwe, msomaji, ni habari nyingine. Kwetu mwanamume hakutani uso kwa uso na mama mkwe wake. Akimwona njiani hujikata kichakani mpaka apite, na hiyo ndiyo heshima. Mzee Ndolo ni mtu wa kanisa na mila nyingi amezitupa, ila hiyo moja ameishikilia. Na mtu ambaye hajapeleka ntheo hana kimo cha kuivunja.

Uwanjani hakukuwa na kichaka. Kulikuwa na tangi jeusi la maji. Nikaingia nyuma yake.

Hapo hapo nikasikia, "Kyalo wa vinyago."

Nikajikunyata zaidi.

"Kyalo," Andati akarudia. "Hayupo?"

"Yupo," akasema mama wa kuku. "Amejibanza kwa tangi."

"Buda, toka huko, unaitwa," akadakia kijana mmoja. "Ama umekunywa maji ya mafuriko?"

"Siwezi kutoka," nikasema.

Nikasikia hatua za Andati zikikaribia. "Ndugu yangu, unaumwa?"

"Hapana, daktari. Mama mkwe ameingia."

Nilitegemea kicheko. Lakini Andati ni mtu wa magharibi ya nchi, na huko pia mama mkwe si wa kuchezewa. Alishusha sauti kama mtu aliye msibani.

"Basi kaa huko huko," akasema. "Serikali inakusikia. Ulipoteza nini?"

"Mbuzi watatu. Majike wawili na beberu."

"Majirani, Kyalo alikuwa na mbuzi watatu?"

Nikangoja mtaa uitikie kwa sauti moja. Badala yake nikasikia Ngigi akikohoa.

"Daktari, mimi ndiye jirani wa kupakana naye," akasema. "Mbuzi walikuwepo, kabichi zangu ni shahidi. Lakini si wa Kyalo."

"Ni wa nani?"

"Ni wa huyu mzee hapa. Nimempigia simu mimi mwenyewe aje, ili haki ya mtu isipotee."

Mpaka leo sijui nimchukie Ngigi kwa lipi. Alisema ukweli, na alitumia salio lake kuutafutia mwenyewe.

"Ngigi," nikaita kutoka nyuma ya tangi, "mbuzi walikuwa wangu."

"Kyalo, uliniambia si wako nikiwa nimeshika jembe. Mtu hamdanganyi mwenye jembe."

"Hata mimi aliniambia," akasema Nabiswa. "Krismasi nilimtaka beberu. Akakataa katakata, akasema hawezi kuuza mali ya mkwe."

"Na kanisani alisema," akaongeza mama wa kuku, ambaye hakuna aliyekuwa amemwuliza.

"Kyalo, uliyasema hayo?" akauliza Andati.

"Niliyasema, lakini..."

"Lakini nini?"

Jaribu wewe kueleza onyo la mjomba wako ukiwa umechutama nyuma ya tangi, mbele ya watu waliokuja kudai ng'ombe. Nilijaribu. Nilisema mbuzi walikuwa wangu ila sikutakiwa kusema ni wangu, na kwamba walikuwa wa mzee ila mzee hajawapata. Nilipofika katikati hata mimi nilianza kujishuku. Wahenga walisema ulimi huponza kichwa. Wangu uliponza mbuzi watatu.

"Sheria yetu," akasema Andati kwa upole, "mnyama anarudi kwa mwenyewe kama majirani wanavyomjua. Mzee, wewe ndiye umebaki. Mbuzi walikuwa wako?"

Neno moja tu. Mzee Ndolo akisema hapana, ni wa kijana, mbuzi nitapewa mimi, na keshoye nitawaswaga mpaka mlangoni pake. Kuchungulia sikuweza, maana mama alikuwa kando yake. Nikabaki nimeegemeza sikio kwenye tangi.

Mzee Ndolo hakuwa na haraka.

"Daktari," akasema, "mbuzi hao nimewahi kuwaombea msamaha. Na kijana huyu ametangaza mtaa mzima kwamba ni wangu. Siwezi kumfanya mkwe wangu mwongo mbele ya watu. Walikuwa wangu."

Umesikia lakini? Alisema mkwe wangu. Tangu nimjue alikuwa ananiita yule kijana wa Umoja. Furaha ikanipanda mpaka kooni, na ikiwa bado iko kooni nikakumbuka maneno yaliyofuata. Nikakaa chini kwenye matope. Nilikuwa nimempata baba mkwe na kupoteza mbuzi kwa pumzi moja.

Lori lilipopita kugawa msaada, mbuzi watatu walishushwa Ziwani. Ngigi alikuja kunieleza walivyo, kwa nia njema kama kawaida yake. Wamenona, alisema, na kila mmoja amevaa hereni ya manjano ya serikali sikioni.

Keshoye Mzee Ndolo akapiga simu. "Njooni nyote wawili."

Ndunge alivuta begi kutoka chini ya kitanda akaanza kukunja nguo zake. Sikumwuliza kitu. Nilimsaidia kufunga zipu, kwa sababu ile zipu ni mbovu na mimi tu ndiye ninayejua inavyobembelezwa. Hakuna kazi niliyowahi kuifanya kwa uchungu kama ile.

Tulimkuta mzee ameketi nje kwenye kiti chake, mbuzi wamefungwa kando wakiutafuna ua wa jirani. Mama mkwe alikuwa jikoni, nyuma ya pazia, mahali palipotufaa yeye na mimi.

"Umeleta nini?" mzee akauliza.

"Sukari, baba, na majani chai."

"Na ntheo?"

Nikawanyooshea mbuzi mkono. "Nilidhani, kwa kuwa wameshafika..."

"Hao nimepewa na serikali. Wewe umenipa nini?"

Nikaitazama sukari.

"Kama mbuzi wa serikali ndio ntheo, basi serikali ndiyo iliyooa," mzee akaendelea. "Nitamwuliza Daktari Andati kama ana chumba cha kumweka Ndunge."

Nyuma ya pazia kicheko kilianza kikazimwa. Mimi sikucheka. Machozi yalikuwa yameshafika machoni na sikujali nani anayaona.

Ndunge akaweka begi chini.

"Baba," akasema, "wale waliosombwa na maji walikuwa wa nani?"

"Wangu. Nilisema mbele ya watu."

"Uliwanunua soko gani?"

"Sikuwanunua."

"Basi ulipewa. Ulipewa na nani, na kwa ajili ya nini?"

Mzee akamtazama binti yake. Kisha mabega yakaanza kutikisika, na nikaona kwamba anacheka, na kwamba kicheko hicho alikuwa amekibeba tangu uwanjani.

"Nilikuwa nangoja mmoja wenu aulize," akasema. "Nilitarajia atakuwa huyu mwanamume. Lakini mchongaji haoni ila kilichomo ndani ya gogo. Kijana, masharti uliyasikiliza?"

"Hapana, baba. Nilikuwa nawaza suruali."

"Mimi sikuwepo yakisomwa, lakini nimeendesha lori la wizara nikigawa mbuzi kama hawa kila kiangazi. Masharti ni yale yale. Mnyama wa msaada hauzwi, hachinjwi wala hatolewi mahari, mpaka azae na serikali irudi kumwona. Ungepewa wewe, ungefika hapa na nini? Ungekaa Umoja ukiwatazama, binti yangu akizeekea kwenye benchi la wasichana."

Niliionea aibu suruali yangu.

"Niliposema walikuwa wangu, nilisema ntheo ilishanifikia," akasema mzee. "Umati wote ule ni shahidi, na serikali ni shahidi. Mto ndio uliowachukua, na makosa ya mto si yako."

Wakati wote ule nilidhani ananichimbia shimo, kumbe alikuwa anajenga daraja. Nilimpenda mzee yule siku ile kuliko nilivyowahi kumwogopa. Ndunge alikuwa ameshaanza kuzungusha begi lake kuelekea njia ya kurudi.

"Liache hapo kwanza," mzee akamwambia. "Ntheo haijaliwa."

Begi likarudi chini.

"Wazee wa ukoo wetu wapo mjini mpaka Jumamosi, kisha wanarudi nyumbani na hawaji tena mpaka Krismasi. Lazima beberu achinjwe, Ndunge ale mbele yao, akina mama wamfunge kitambaa. Bila hivyo wataniambia nimekula maneno. Na hawa wenye hereni siwezi kuwagusa. Leta beberu mmoja asiye na hereni, Jumamosi, mambo yaishe. Mpaka hapo begi na mwenye begi watakaa kwangu."

Beberu mmoja. Kwa bei za siku hizi, na magogo yangu yote yako Athi River pamoja na samaki wa Okoth. Ndunge alinishika mkono, na nilijua kwa namna alivyonishika kwamba hata yeye hajui beberu huyo atatoka wapi.

Simu ya mzee ikalia.

"Ni rafiki yangu Ngigi," akasema, akaiweka kwa spika.

"Mzee Ndolo, Kyalo yuko hapo?" Sauti ya Ngigi ilikuwa inahema. "Niko Mukuru kwa Njenga, nimemfuata Daktari Andati anipe mbegu zangu za kabichi. Sasa hivi nimesikia kengele. Ile ya mti, iliyokuwa ikiniharibia usingizi. Nimeitambua kabla sijamwona mwenyewe. Beberu yuko hai, mzee. Kuna familia ilimtoa majini, na amenona kuliko alivyoondoka."

Nyuma ya pazia mama akasema, "Bwana asifiwe." Mimi nilikuwa nimeshasimama.

"Ngigi, mshike hapo hapo," nikasema. "Usimwachie."

"Nimemshika pembe. Lakini daktari naye yuko hapa, na anataka kuongea."

Simu ikabadilishwa mkono.

"Hamjambo hapo," akasema Andati, mpole vile vile. "Ndugu Kyalo, beberu ambaye serikali ilimkalia matanga anakula kofia yangu. Nahitaji jibu moja niende nyumbani. Kama ni wa Mzee Ndolo, nitamrudisha serikalini beberu wa msaada, na huyu atavaa hereni ya yule akae mahali pake."

Akivaa hereni hachinjwi. Jumamosi imekwenda.

"Kama ni wako wewe," Andati akaendelea, "basi mzee alidai mali isiyo yake. Nitawachukua mbuzi wote watatu wa msaada, na jina lake nitalipeleka kwa chifu."

Mzee Ndolo akavua kofia yake taratibu akaiweka gotini.

"Na kama hana mwenyewe, familia hii iliyomwokoa itabaki naye. Wanasema tayari wana shughuli ya kumchinjia. Sasa kengele ulimvalisha wewe, kwa hiyo nauliza wewe, mbele ya mashahidi. Huyu mbuzi ni wa nani?"

Pazia la jikoni likafunguka. Mama mkwe wangu akatoka, akasimama mlangoni, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nimchukue binti yake. Nikageuza macho huku na huku. Ziwani hakuna tangi.

Ndani ya simu, beberu akatikisa kichwa na kengele yangu ikalia. Ndunge alikuwa bado amenishika mkono.

Nikaufungua mdomo wangu, ule ule.